Sikuchimba

Uliniambia siku ile unanikabidhi funguo, Bwana Namkoma:
"Mpangaji hachimbi. Ua wangu ni wa kufagia tu."
Nikaitikia. Tena nikafagia.
Kodi ya miezi sita uliihesabu mara mbili,
kidole ukikilambisha mate.

Sikuchimba.

Beseni la buluu lilipopasuka kitako
nilikuwa nimeshalilipia elfu saba,
nikaona lisife bure.
Udongo mwekundu nikachota kando ya barabara,
samadi ya mbuzi kwa Bi Somoe,
debe moja kwa mafungu mawili ya mchicha ambao haujaota:
deni la kijani, halina karani.

Halafu ndoo ya rangi. Halafu tairi la fuso.
Halafu gunia la korosho, nikalisimamisha,
nikalitoboa mbavuni kwa kisu cha moto,
kila tundu likatoa ulimi,
mnavu huku, figiri kule.

Mfuko wa salfa niliukataa.
Chande aliniletea bure, mzima, hauna hata tobo.
Nikamwambia, dawa ya mkorosho
sitaki kukutana nayo kwenye mlenda.
Akacheka: "Mama Twalibu, umemzidi bwana shamba."

Maji, sasa. Newala maji yana heshima zake.
Mama yangu aliyafuata chini, Shimo la Mungu, alfajiri,
akapanda na mtungi jua likiwa utosini,
akatuambia: maji hayamwagwi, hupitishwa.
Basi ya kuoshea mchele hupita kwenye nyanya,
ya kunawia mtoto hupita kwenye mchaichai,
ya sabuni kali huenda chooni, hayana rafiki.
Na asubuhi za Juni ukungu ukipanda kutoka bondeni
hugusa kila jani
bila kuuliza dumu ni bei gani.

Giligilani ilinitia aibu mara tatu.
Iliota, ikarefuka shingo, ikatoa maua, ikafa,
kama mgeni aliyepita kusalimia, hata viatu hakuvua.
Mara ya nne niliihamishia kivulini, nyuma ya choo.
Ikakaa.

Mkeo alianza kwa kuchungulia.
Kisha: "Nipe kajani ka mrehani, nina mgeni."
Kisha wageni wakawa wa kila siku.

Januari ukasema nyumba anaingia mwanao.
Sikubisha. Cha mtu ni cha mtu.
Chande akaja na guta, safari tatu:
moja kitanda, vyombo na sisi,
mbili shamba.
Uliwahi kuona mbamia ukipita stendi juu ya guta,
umeshikwa kiuno na mtoto wa darasa la pili?
Watu walisimama. Mmoja akauliza bei.
Twalibu akamjibu bila kugeuka:
"Hauuzwi. Unahama."

Ua wako niliufagia mara ya mwisho.
Palipokaa beseni pakabaki duara la unyevu,
palipokaa tairi, duara kubwa zaidi.
Nadhani yalikauka kabla ya adhuhuri.

Leo mkeo kanipigia simu, anacheka hadi anakohoa.
Pale kwenye mfereji wa bafu, nilipokuwa nasuuza mbegu,
mche wa boga umeota wenyewe,
umeshapanda ukuta, unaelekea dirishani kwako,
na wewe, eti, umeuzungushia matofali
kuku wasiuguse.

Bwana Namkoma,
huo sikuupanda, Mungu shahidi,
na wala sikuchimba.
Ila kwa kuwa umeshakuwa jirani yako:
majani yachume machanga, ncha tatu za mwisho,
menya nyuzi zake kwanza,
yapike kwa zile korosho za vipande, zitwangwe.
Ua la kwanza likianguka usiogope, hilo ni dume.

Na ukishaosha mchele,
unajua pa kuyapitisha maji.